Fungua leso usome jina: kujua kifurushi kimebeba maktaba gani

Jumamosi moja karibu na adhuhuri, mpwa wangu anayenisaidia dukani hapa Mwembe Tayari aliniita. "Mjomba, mashine ya wakala wa forodha imegoma." Tulikuwa tumeipandisha kutoka Debian 11 hadi 12 (Debian ni mojawapo ya mifumo ya Linux), na kijana, kwa kupenda usafi, akapiga `apt autoremove`, amri inayoondoa vifurushi vinavyoonekana havihitajiki tena, kuokoa nafasi. Sasa programu yao ya hati za mizigo ilitoa mstari mmoja ikafa:

```
error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file
```

Yaani inatafuta maktaba ya pamoja, lile faili ambalo programu nyingi huliazima badala ya kila moja kubeba lake, na haioni. Kumbe programu ile ilinakiliwa tu ndani ya `/opt`, haikuwekwa kama kifurushi, hivyo apt, msimamizi wa vifurushi, haikujua kwamba kuna mtu bado anamhitaji libssl1.1, kifurushi kinacholeta maktaba hiyo.

Kabla sijafika, kijana alikuwa ameshatengeneza kiungo kiitwacho `libssl.so.1.1` kinachoelekea `libssl.so.3`. Programu ikaamka kidogo, ikalalamika kwamba toleo `OPENSSL_1_1_0` halimo. Sikumgombeza, maana nami nimewahi kufanya vivyo hivyo. Nilimwambia tu avute kiti.

Swali la kwanza ni hili: kifurushi fulani kinaleta maktaba gani hasa? Kama kimeshawekwa, orodhesha mafaili yake:

```
dpkg -L libssl3 | grep '\.so'
```

Kama hakijawekwa, usikiweke ili kukichungulia. Kipakue peke yake, bando lisiishe kwa vifurushi vingine kumi vinavyomfuata, kisha kifungue kwenye folda ya kando:

```
apt download libssl3
dpkg-deb -x libssl3_*.deb sanduku
find sanduku -name '*.so*' -type f
```

Utaona `libssl.so.3` na `libcrypto.so.3`. Utaona pia vitu kama `legacy.so` ndani ya `ossl-modules`, na vingine ndani ya `engines-3`. Hapa ndipo wengi hukosea kuhesabu. Hivyo ni viambata ambavyo OpenSSL, yaani mradi wenye maktaba hizi za libssl, yenyewe huvipakia ikivihitaji. Viko kwenye folda ndogo ambazo ldconfig, chombo kinachoorodhesha maktaba za mfumo, haizipitii, kwa hiyo programu nyingine haiwezi kuviomba kwa jina na kuvipata. Viache. Na ukikuta `libssl.so` tupu bila namba, hiyo ni kiungo kutoka libssl-dev, cha watu wanaogeuza msimbo kuwa programu (compile). Programu iliyokwisha kutengenezwa haina haja nayo.

Sasa, jina la faili si neno la mwisho. Ukienda Barabara ya Biashara kununua leso, muuzaji atakwambia jina lolote. Unaikunjua, unasoma maandishi yaliyochapwa pale chini. Maktaba nayo imechapwa jina lake tumboni, linaitwa SONAME, na ndilo programu huandika inapotengenezwa. Kulisoma unahitaji kifurushi cha binutils:

```
find sanduku -name '*.so*' -type f -exec sh -c 'echo "$1"; readelf -d "$1" | grep SONAME' _ {} \;
```

Chini ya kila faili la maktaba, ndani ya mabano ya mraba, utaona jina. Mpwa wangu aliposoma kile kiungo chake, jina lilikuwa `libssl.so.3` vilevile. Akacheka mwenyewe. Alikuwa amebadilisha mfuko, leso ni ileile.

Njia ya pili ni kusoma tamko la mtengenezaji wa kifurushi:

```
dpkg-deb -I libssl3_*.deb shlibs
```

Kila mstari unataja maktaba, namba yake, halafu kifurushi kinachoileta. Kwa vifurushi vya Debian wenyewe naliamini. Kwa vile vinavyopikwa na makampuni pembeni, tamko hilo mara nyingi halipo kabisa, basi narudi kwa readelf.

Jina la kifurushi nalo usilitegemee. libssl3 limekaa vizuri, lakini zlib1g huleta `libz.so.1`, ile g ni masalio ya enzi za kuhamia glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C. Kwenye Debian 13 libssl3 imekuwa libssl3t64, kwa ajili ya hesabu ya saa ya biti 64, na ndani yake SONAME bado ni `libssl.so.3`.

Walio kwenye Fedora na ndugu zake wana raha: `rpm -q --provides openssl-libs` inatoa majina yote papo hapo.

Kwa mteja wetu, tulifuta kile kiungo, tukarudisha libssl1.1 ya Debian 11. Inakaa bega kwa bega na libssl3 bila ugomvi, kwa sababu SONAME zao ni tofauti. Lakini msaada wa OpenSSL 1.1.1 ulikoma Septemba 2023, na hii ni mashine inayozungumza na mtandao kila siku, kwa hiyo nilimwambia bwana mwenye ofisi awabane waliomuuzia programu wamletee iliyotengenezwa upya.

Walichukua wiki tatu. Ilipofika, kabla ya kuiwasha niliuliza inahitaji nini:

```
objdump -p ./programu | grep NEEDED
```

Situmii ldd, amri nyingine ya kuorodhesha maktaba zinazohitajika, kwa faili nisilolijua, maana katika hali fulani huweza kuliendesha. `libssl.so.3`, `libcrypto.so.3`, `libc.so.6`. Nikampa kijana kibodi aiondoe ile libssl1.1, safari hii kwa idhini.