Indiketa ya lori si ruhusa
Uko nyuma ya lori barabara ya Morogoro, limewasha indiketa ya kulia. Kwa lugha ya madereva wetu: tulia, kuna gari linakuja. Ya kushoto: pita. Lakini ya kulia hiyohiyo huenda anakata kuingia sheli, na ya kushoto anaegesha tu. Chungulia mwenyewe kwanza.

Ukiamua kupita, tazama kioo, washa ya kulia, iache ipige mara tatu nne ndipo utoke. Wengi huwasha wakishageuza usukani. Hapo unamwambia nani? Ukirudi upande wako, washa ya kushoto, kisha hakikisha imezima. Na kwenye kipilefti, washa ya kushoto ukishapita njia iliyo kabla ya yako, si mapema.