Dawa ya amonia haisafishi tangi la maji chumvi

Ukiona samaki wa baharini wamepanda juu ya tangi wanatweta, matamvua yamekuwa mekundu, shika kipimo cha amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kabla ya kushika chupa ya dawa ya kuituliza. Wengi hufanya kinyume, kisha hawajui walichotibu.

Maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 8 na ushei, na ubaya uko hapo. Kwenye maji yasiyo na chumvi ya pH 7, katika kila sehemu 100 za amonia, ile kali inayopenya matamvua haifiki hata 1. Kwenye maji chumvi ya pH 8.2 na joto la nyuzi 25, inakaribia 7. Kiasi ambacho perege wa bwawani angekistahimili kinaweza kumuua samaki wa mwambani.

Soma lebo. Dawa ya thaiosalfeti peke yake huondoa klorini tu, amonia haiigusi. Tafuta iliyoandikwa wazi kuwa inafunga amonia na inafaa maji chumvi. Na ikifunga, imefunga tu: amonia ingali majini ikisubiri bakteria wa chujio waile. Tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kupata bakteria wa kutosha, kwa hiyo punguza chakula na ubadilishe maji huku dawa ikifanya kazi.

Pima dozi kwa maji yaliyomo, si kwa ukubwa wa kioo. Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50 ni lita 200, lakini ukitoa mawe na mchanga huenda zikabaki 170. Dawa ikizidi hula oksijeni, na maji ya joto ya pwani yana oksijeni kidogo tangu mwanzo. Washa pampu ya hewa kabla ya kumimina. Skima, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, ikifura usishtuke. Ipunguze kwa muda, lakini hewa isikatike.

Ukipima tena utakuta amonia ile ile. Vipimo vya matone ni vya aina mbili: cha salisileti husoma iliyofungwa pamoja na iliyo huru, na cha Nessler hudanganya kabisa baada ya dawa. Hapo ndipo watu huongeza dozi juu ya dozi. Tumia kibandiko kinachosoma amonia huru pekee.

Wanaopokea samaki waliosafiri kwenye mifuko wana mtego wao. Mfukoni, hewa wanayotoa samaki hushusha pH na kuituliza amonia. Ukifungua, pH hupanda na sumu huamka. Elesha mfuko ukiwa umefungwa hadi joto lilingane, hakikisha chumvi ya tangi inafanana na ya mfukoni, kisha fungua na uwahamishe upesi. Maji ya mfuko mwaga.

Tangi la karantini lenye dawa ya shaba usilitie dawa hii kabisa, kwani huigeuza shaba ikawa kali zaidi kwa samaki. Humo badilisha maji, na kila ndoo mpya itiwe shaba kwa kipimo kile kile kabla haijamiminwa.