Kwenda matumbawe ya Malindi? Uliza maji kwanza

Ukipanga kupeleka watoto hifadhi ya bahari pale Casuarina, usianze na nauli ya tuktuk, anza na maji. Mashua ya sakafu ya kioo hupendeza maji yakiwa yamekupwa: matumbawe yanakuwa karibu na samaki unawaona hadi mistari ya mapezi. Maji yakijaa, utalipa kutazama bluu tupu.

Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kupwa huangukia kama saa nne, saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata husogea mbele dakika 50 hivi. Ukisahau hesabu, mvuvi yeyote atakuambia.

Mvua ikiwa imenyesha bara, mto Sabaki hushusha tope na bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa; ahirisha tu.

Kiingilio hulipwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na raia wa Kenya ana bei yake, kwa hiyo beba kitambulisho. Mashua ni mapatano mengine. Elewaneni kabla ya kupanda. Vaeni viatu vya raba, matumbawe hukata. Na mkate wa kulisha samaki uacheni nyumbani, tafadhali.