Jambia la kale ama la watalii? Livute kwanza ndio uulize bei

Mwaka juzi nilinunua jambia kwa kibanda cha barabarani nikitoka Nakuru kurudi Kisumu, nikaambiwa eti lilikuwa la babu ya mtu wa Lamu na ala yake ni ya fedha tupu, kufika nyumbani naweka sumaku kwa ala, tap, imeng'ang'ania. Fedha haishikwi na sumaku, kumbe ni bati limepakwa rangi. Lakini sumaku ikikataa usishangilie bado, hata shaba haishiki, kwa hivyo hiyo inakamata feki za uvivu tu.

Kitu ya maana ni kulichomoa. Muuzaji wa mali ya watalii atakuzungushia ala na mapambo dakika kumi, kisu chenyewe hataki ukiangalie sana. Jambia la kazi limefuliwa, lina uti umeinuka katikati kutoka kwa mpini mpaka ncha, pitisha kidole pande zote mbili utausikia, na lina uzito. La watalii ni chuma chembamba kimekatwa na mashine, kinang'aa kama sufuria mpya. Ukiona kisu hakifiki mwisho wa ala usiseme ni feki, ala za majambia ya Oman hupindwa kuliko kisu chenyewe, hapo wengi hujikwaa.

Halafu uchakavu. Mkono hushika mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, kwa hivyo mapambo ya mpini hulala pale kwa kiganja na kwa mikunjo yanabaki makali. Feki imepakwa weusi sawasawa kila mahali, wakati mwingine ni kiwi ya viatu tu, sugua na kitambaa chenye spiriti uone. Mapambo ya kumiminwa yana vitundu vidogo na kingo laini kama sabuni ya juzi, ya waya iliyosokotwa kwa mkono kushoto hakufanani na kulia.

Sime za Kimaasai ni ngumu zaidi kwa sababu bado zinafuliwa leo, nyingi kutoka spring ya gari ama tupa, so meno ya tupa yakionekana usiyahesabu kama umri. Tafuta iliyonolewa mpaka ikapungua upana, na ngozi ya ala iliyokauka ikashika umbo la kisu.

Na mtu akikusifia mpini eti ni pembe ya kifaru, rudisha polepole uende zako, kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 kupatikana nayo tu ni kesi.