Jinsi ya kufuma mkanda wenye kingo nne, kama wafumaji wa Andes

Wafumaji wa kale wa Andes, milima ya Amerika Kusini, hawakukata nguo. Kila kipande kilifumwa kwa kipimo chake kamili, pande zote nne zikiwa na ukingo usiofumuka. Mashuka ya Paracas, yaliyofukuliwa na timu ya mwanaakiolojia Julio C. Tello pwani ya kusini ya Peru mwaka 1927, yana takriban miaka 2,000. Tuanze na mkanda wa upana wa vidole vitatu.

1. Uzi. Tafuta sufu ya alpaka (mnyama wa Andes, jamii ya ngamia) au pamba iliyosokotwa kwa nguvu, nyuzi mbili pamoja. Ulegeze kidogo mkononi. Ukijiviringa wenyewe, unafaa. Uzi mlegevu huota manyoya na kunasana. Hapa kinachoonekana ni mtande (nyuzi za urefu), mshindio (uzi unaopita kukingama) hufichika.

2. Kutanda. Chomeka vijiti viwili ardhini, zungusha uzi kwa umbo la nane. Mizunguko sita myekundu, sita myeupe, hadi upana utoshe. Funga uzi pale nyuzi zinapopishana ili mpishano usipotee.

3. Kamba za mwisho. Hapa ndipo siri ilipo. Usivishe vitanzi vya mtande moja kwa moja kwenye fimbo za kufumia. Pitisha kamba imara ndani ya vitanzi kila mwisho, kisha ifunge kamba hiyo kwenye fimbo kwa uzi mwingine. Mshindio wa kwanza usukume mpaka uguse kamba.

4. Kuinua nyuzi. Tabaka moja la mtande lipitishie fimbo nene. La pili, kila uzi ushikwe na kitanzi kilichofungwa kwenye kijiti.

5. Kufuma. Fimbo ya mbali ifunge mtini, ya karibu kiunoni. Egemea nyuma mtande ukaze. Sogea mbele unapoinua vitanzi. Vuta mshindio hadi nyuzi za mtande zibanane, halafu gonga kwa ruki, mfupa wenye ncha wa llama, mnyama wa jamii ya alpaka. Ukiukosa, kipande cha mti mgumu kilicholainishwa kinatosha.

6. Kufunga. Ukishafuma kiasi, geuza kazi, fuma vidole viwili kutoka mwisho wa pili, kisha rudi ulikoanzia. Nafasi ikibana, toa fimbo nene, kata vitanzi vya kijiti, endelea kwa sindano, uzi mmoja juu, mmoja chini. Usiharakishe: mistari hii michache hula muda mwingi. Kitambaa hapo huwa na sura tofauti kidogo, na katika nguo za kale alama hiyo huonyesha mfumaji alimalizia wapi.

Fumua uzi uliofunga fimbo. Kamba za mwisho ziache ndani.