Kabla hujaendesha kompyuta ya boti kwa kishikwambi

Kompyuta ya boti hukaa chini, mahali pakavu. Nahodha yuko juu kwenye usukani, na kila akitaka kujua kina cha mbele inambidi ashuke ngazi au amwite mtu amsomee. Kishikwambi kinamwondolea adha hiyo: ramani ileile ya bahari iliyo chini anaiona mkononi na kuisogeza kwa kidole. Mimi naunga mkono kabisa mpango huu, ila maandalizi yake yafanyike boti ikiwa imefungwa gatini.

Anza na mtandao. Wengi hudhani lazima kuwe na intaneti, kumbe vifaa viwili vinaongea kupitia ruta ya humohumo botini hata nchi kavu isipoonekana. Chagua ruta inayotumia umeme wa volti 12, na hakikisha inavumilia volti zaidi ya 14, maana betri zinapochajiwa na injini umeme hupanda hadi huko. Kompyuta ipangie anwani ya mtandao (IP) isiyobadilika, la sivyo siku moja utaitafuta usiipate. Boti ya chuma au aluminiamu huzuia Wi-Fi, kwa hiyo pima ukiwa umesimama pale pale penye usukani, milango ikiwa imefungwa. Kisha kuna tabia moja ya vishikwambi inayosumbua sana: vingi vikiona Wi-Fi haina intaneti, vinahamia data ya simu bila kukuuliza. Zima data, na futa mitandao ya bandarini uliyowahi kuihifadhi.

Upande wa programu, tofauti kubwa ni kati ya RDP na VNC, njia mbili za kuona na kuendesha skrini ya kompyuta kutoka kifaa kingine. Ukiingia kwa RDP kwenye kompyuta ya Windows, skrini ya chini inajifunga, na aliyekaa pale haoni kitu. Tena Windows ya toleo la Home haipokei RDP. VNC huwaonyesha wote picha moja, wa juu na wa chini, na botini ndivyo inavyofaa. Lakini nywila ya VNC ya kizamani huishia herufi 8 na mawasiliano yake hayafichwi, kwa hiyo usiitumie kwenye Wi-Fi ya umma; ibaki ndani ya ruta yako yenye nywila ndefu.

Sasa jambo linalonitia hofu kuliko yote. Mawasiliano yakikatika, si kila programu inakuambia. Picha ya mwisho inaweza kubaki kwenye kioo, safi kabisa, ikionyesha boti yako katikati ya maji marefu, huku boti yenyewe ikiendelea kwenda. Kwa mwendo wa maili 6 za bahari kwa saa, dakika moja ya picha iliyoganda ni karibu mita 185. Mwamba hauhitaji nafasi kubwa hivyo. Dawa yake ni rahisi: weka kwenye skrini ya kompyuta saa inayoonyesha sekunde, kubwa, kwenye pembe isiyofunikwa na ramani. Jizoeze kuitazama saa kwanza, ramani baadaye. Sekunde zikisimama, hiyo ramani si ya kuaminiwa.

Kompyuta nayo izuiwe kulala, na masasisho yasiruhusiwe kuiwasha upya njiani. Kama haina skrini yake, baadhi ya kompyuta hutoa picha ndogo yenye ukungu. Plagi bandia ya HDMI, inayochomekwa kwenye tundu la waya wa skrini, huidanganya kwamba skrini ipo, na picha inakaa sawa. Ipange pia iwake yenyewe umeme ukirudi, na programu ya ramani ifunguke bila kuguswa.

Kishikwambi chenyewe kina udhaifu wake juani na majini. Apple, kwa mfano, inataja joto la hewa lisizidi nyuzi 35 kwa iPad, na kikiachwa juani hupunguza mwanga au kujizima kabisa. Miwani ya jua yenye polaraizi (inayochuja mng'ao wa maji) inaweza kukifanya kioo kionekane cheusi ukikigeuza upande. Vifuniko vingi vina sumaku, basi kishikilio kiwe mbali na dira.

Na maji ya chumvi! Tone moja likitua kwenye kioo, kishikwambi hulihesabu kuwa kidole: ramani inaruka, dirisha linafunguka, kitufe kinabonyezwa. Ukifuta kwa mkono unabonyeza vingine vitano. Kwa sababu hiyo mimi sikubali vitufe vya usukani otomatiki viwe kwenye skrini hiyo. Kutazama, sawa, kupanga njia, sawa, kugeuza boti kufanywe kwa kitufe halisi. Macho nayo yabaki nje: Kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia migongano baharini inakitaka kila chombo kiwe na ulinzi wa macho na masikio wakati wote.

Kabla ya safari ya kwanza, mpe mwenzako kishikwambi mkiwa bado gatini, umwambie afuatilie ramani. Shuka chini, zima ruta kimyakimya, uhesabu sekunde hadi aseme imekatika. Akikawia, ongeza ukubwa wa ile saa, mrudie tena.