Bustani ya mvua: maji ya paa yazame kiwanjani kwako, yasiende kumsumbua jirani wa chini

Arusha imekaa mgongoni mwa Mlima Meru. Mvua ikinyesha Sekei au Sakina, maji hayana budi kushuka: yanapita barabarani, yanaingia Themi, Naura au Ngarenaro, na wa tambarare ndio wanaoyapokea. Kila kiwanja kinachomwagiwa zege na kupangwa pevingi ukuta hadi ukuta kinayaongezea kasi. Kujenga mtaro mpana zaidi hakupunguzi maji hayo, kunayafikisha tu kwa mwingine mapema. Ninachoelekeza hapa ni bustani ya mvua, yaani beseni la udongo na mimea linaloyapokea maji ya paa na kuyazamisha ardhini. Kazi ya kuchimba ifanyike Januari au Februari, kabla ya masika, au Septemba kabla ya vuli.

1. Piga hesabu kabla ya kushika sururu

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Pima eneo la nyumba kwa chini, usipande kupima bati. Tuseme nyumba ni mita 10 kwa 12, na nusu ya paa, mita za mraba 60, inamwaga upande mmoja. Mvua ya milimita 40 itakuletea upande huo lita 2,400, yaani mapipa 12 ya lita 200. Beseni la mita 3 kwa 4 lenye kina cha sentimita 20 linayabeba yote, hata kabla hujahesabu yanayozama wakati mvua bado inanyesha. Kama nafasi ni ndogo, chimba dogo. Kuzamisha nusu ya maji hayo bado ni kazi nzuri.

2. Chagua mahali

Kaa angalau mita 3 kutoka msingi wa nyumba, upande wa chini yake. Usisogelee shimo la choo wala kisima, na usichimbe kwenye mteremko mkali, kwa sababu udongo ukilowa unaweza kuteleza wote. Kiwanja kinachopakana na mto kina masharti yake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Hapo acha kuchimba, panda mringaringa au mkuyu. Mkaratusi usiupeleke.

3. Jaribu udongo

Hatua hii wengi wanairuka, nayo ndiyo inayoamua kila kitu. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina hichohicho, lijaze maji, yaache yazame yote. Lijaze tena, chomeka rula, subiri saa moja. Maji yakishuka sentimita 2 au zaidi, endelea bila wasiwasi. Udongo wetu wa majivu ya volkano upande wa mlimani kwa kawaida unanywa vizuri. Yakishuka chini ya sentimita moja, hasa kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, una njia mbili: utafute mahali pengine, au uchimbe hadi sentimita 60 na kurudishia mchanganyiko wa mchanga sehemu mbili, udongo wa juu moja na mboji moja, ukibakiza beseni la sentimita 20 juu yake.

4. Chimba, na sakafu iwe sawa

Weka ubao mrefu chini, na juu yake uweke pimamaji, kile kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa. Sakafu ikiinama, maji yatarundikana kona moja na kwingine kubaki pakavu. Udongo uliotoka uufanyie tuta upande wa chini, ulishindilie vizuri. Sakafu yenyewe usiishindilie. Ivunje kwa uma wa shamba, na mafundi wasiikanyage ovyo.

5. Njia ya kuingia na ya kutokea

Toa maji kwenye gata kwa bomba la inchi 4, na yanapoangukia panga mawe ili yasichimbe. Kisha acha tundu la kutokea kwenye tuta, usawa wa sentimita 20 kutoka sakafuni, huku tuta lenyewe likizidi hapo kwa sentimita 10. Tundu hilo nalo lipangwe mawe, lielekee mtaroni, si kwenye ukuta wa jirani. Bustani isiyo na tundu la kutokea itapasuka tuta siku ya mvua kubwa.

Kama una tangi, lianze lenyewe, na ziada yake ndiyo iende bustanini. Visima vingi vya huku vina floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani, wakati maji ya mvua karibu hayana kabisa. Ni hasara kuyazamisha yote huku unanunua ya kunywa. Maji ya sabuni na ya choo yasipitie hapa.

6. Panda

Sakafuni weka mimea inayovumilia kulowa na kukauka: magimbi, kana, mgomba mmoja kama nafasi ipo. Kwenye tuta panda nyasi za vetiva, kwa kuwa mizizi yake inashuka wima na kulishika. Mchaichai unafaa pia, tena utauchuma kwa chai. Masale yakae pembeni kabisa. Panda mvua za mwanzo zikianza, funika udongo kwa majani makavu, mwagilia kiangazi cha kwanza.

7. Itunze

Baada ya kila mvua kubwa angalia: maji yawe yameisha ndani ya siku mbili. Mbu huhitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo beseni linalokauka kwa wakati halimzalishi. Likichelewa, karibu kila mara chanzo ni tope laini lililoziba juu. Likwangue kwa sepeto na uvunje udongo tena. Masika yakiisha ondoa tope kwenye mawe ya kuingilia, safisha gata, rudishia tuta palipodidimia.